Kuichakaza Ndege Mpya

Kwanza mnisamehe kwa mwandiko huu na kwa herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la sita, na mkono wangu umezoea msasa kuliko kalamu, kwa hiyo ukurasa mmoja unanichukua asubuhi nzima ya Jumapili. Kiswahili hiki cha kuandika nilikipata madrasa, katika vitabu vilivyotoka pwani. Kile cha mdomoni ni cha kwetu Lubumbashi, na watu wakianza kusema nitawaacha waseme vile walivyosema. Nikiwanyoosha hawatachekesha tena.

Mimi ni mtu wa haya. Nikitumwa dukani nikamkuta muuzaji anaongea na mtu, ninasubiri amalize. Mara mbili nimesubiri mpaka duka likafungwa.

Naishi kwa mjomba wangu, kaka wa mama, ambaye ana gereji ya kunyoosha na kupaka rangi magari. Babu yao alitoka Maniema na mashine ya kushona, na tangu hapo ukoo wetu wote ni wa mafundi, kila mmoja na fani yake. Ya mjomba ni kung'arisha. Magari yake yakisimama uani kukauka, akina mama wanaopita hujitazama katika milango yake na kufunga vilemba vyao upya. Mjomba anajifanya hawaoni, lakini siku hiyo anakula vizuri.

Nilikuwa nimefanya naye kazi miaka minne na bado sijawahi kushika pistoleti, yaani lile bomba la kupulizia rangi. Kazi yangu ilikuwa kusugua kwa msasa, na hata hiyo nilikuwa na makosa. Nilisugua kona za milango mpaka bati likaonekana. Nilikula vitumbua halafu nikagusa bati kabla ya rangi, na mahali penye mafuta ya kidole changu rangi ikakataa kushika. Wakati wa kiangazi, upepo mwekundu unapovuma, nilisahau kufunga mlango wa gereji, na gari jeupe likakauka na vumbi ndani yake.

"Weye," mjomba alikuwa akisema, "bantu bengine banazaliwa na mukono ya kutengeneza. Yako ni ya kuharibisha."

Mwaka huu alichoka. Huko Mitwaba ana kaka yake mkubwa ambaye analima mahindi na kuuza chumvi na sabuni, na alikuwa anatafuta kijana asiyesema sana. Mjomba aliniambia nikifika mwisho wa kiangazi bila kujifunza kitu, nitapanda basi. Sina neno baya juu ya Mitwaba. Ila magari ya kule yamefunikwa vumbi mpaka wenyewe wamesahau rangi zake, na mimi kitu pekee nilichokitaka duniani ni kuishika ile pistoleti.

Ndipo Jumapili moja akaja mzee mmoja aliyetoka misa, mwenye shati la pasi, amebeba kasha refu mikononi kama mtu aliyebeba keki ya harusi. Tulimjua kwa sura. Ana nyumba upande wa Luano, karibu na uwanja wa ndege, baba yake alikuwa mtu wa reli kule kaskazini, na yeye mwenyewe alikuwa makanika wa ndege ndogo mpaka alipostaafu.

"Jambo, patron," akamwambia mjomba, yaani bosi.

"Jambo, Papa. Gari iko wapi?"

"Haiko gari."

Akafungua kasha. Ndani mlikuwa na ndege ya vita ya kuendeshwa kwa rimoti, ya zamani kwa umbo, yenye propela moja puani na mabawa mapana kama mlango wa nyumba. Binti yake aliyeko Ulaya ndiye aliyemtumia. Ilikuwa ya faiba, ngumu kama bampa, na iling'aa mpaka nikaona meno yangu ubavuni mwake. Mjomba aliizunguka mara mbili akiwa ameshika mikono nyuma. Sikuwahi kumsikia akiisifu kazi ya mtu mwingine, lakini siku hiyo nilimsikia akiisifu vanishi.

"Hii vernis! Nani alipiga hii vernis?"

"Machine."

"Iko muzuri sana. Sasa shida ni nini?"

"Shida ni ile ile. Iko muzuri sana. Inanipatisha haya."

Mzee akaeleza kwamba alikuwa ameipeleka kwa marafiki zake wanaorusha ndege za namna hiyo uwanjani, akaona haya kuitoa kwenye kasha. "Ndege ya vita inalala inje, patron. Inanyeshewa, inapigwa na jua, inatoka moshi. Hii inafanana na sabuni. Nataka uizeeshe. Uitoboe rangi, uichafue. Na hizi karatasi za bendera, uzitoshe, uzibandue. Ni bendera ya inchi ambayo hata siku moja sijaisalimia. Uweke namba ya parcelle yangu."

"Namba ya nyumba?"

"Ikianguka kwa bantu, bataniletea."

Mjomba akakaa juu ya tairi. "Papa, miaka makumi tatu natosha kutu ya bantu. Leo unakuya kuniomba niweke kutu?"

"Haina kutu. Ndege ni alimini, haishikake kutu."

"Na bantu bakiuliza nani alipaka hii kitu, utabaambia nini?"

Mjomba alitikisa kichwa, akatazama pistoleti yake iliyotundikwa ukutani kama anayeiomba radhi, halafu macho yake yakahama taratibu mpaka yakanifikia mimi, niliyekuwa nimesimama nyuma ya mlango wa gari na msasa mkononi.

"Lakini ngoja, Papa. Niko na muntu hapa. Huyu, hata bila kumuomba, anaharibisha."

Wakanitazama wote wawili. Mjomba akaweka masharti palepale, kwa sauti ya kutosha ili mzee awe shahidi. Ningeifanyia ndege kazi nyuma ya nyumba, mahali ambapo wateja hawaoni, kwa brashi na sponji. Mzee akiridhika, nitapewa pistoleti na kombi nyeupe iliyokuwa ikisubiri rangi uani. Asiporidhika, basi la Mitwaba linatoka kila Jumatano.

"Umesikia?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Mzee akaniambia mambo mawili tu: nisiizidishie uzito, kwa kuwa ndege inahesabu hata gramu, na nisiguse nyaya. "Mengine unajua," akasema. "Unaonaka ndege kila siku, si vile?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema hapana, kwamba ndege nilizoziona ni zile zinazopita juu ya nyumba yetu zikienda Luano, na kwamba nazijua matumbo tu. Badala yake nikaitikia kwa kichwa tena.

Kazi ilianza vizuri kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya. Nilizibandua zile bendera kwa kitambaa cha maji moto, nikaua mng'ao kwa msasa laini, polepole kama mtu anayekata nguo mpya. Nikapaka rangi ya fedha mwili mzima, na juu yake kijani cha jivu. Kisha nikafanya kila kosa nililowahi kugombezwa. Nilisugua kingo za mabawa mpaka fedha ikatokea, na ilitokea vizuri ajabu, kama chuma kilichoguswa miaka mingi. Mahali nilipotaka rangi ing'oke, nilipagusa kwanza kwa kidole chenye mafuta. Nilisaga tofali, nikachekecha unga wake kwa kitambaa, nikauchanganya na vanishi kidogo, na huo ukawa udongo usio na uzito.

Mke wa mjomba alinielewa haraka kuliko wote. Aliniletea sahani ya vitumbua nyuma ya nyumba.

"Kula, mutoto. Na leo usinawe mikono."

Mjomba yeye alipita mara moja tu. Alinikuta nikisugua kona ya mkia hadi kwenye fedha. Akasema "Astaghfirullah", akapita, na tangu siku hiyo akawa anazunguka kwa upande wa jirani akienda chooni.

Shida ilikuja nilipofika kwenye swali la mahali. Kitu hakichakai kila mahali. Kinachakaa pale kinapotumika, na mimi sikujua ndege ya vita inatumikaje. Ningeweza kwenda Luano kumuuliza mzee. Nilienda kweli, nikafika mpaka kwenye lango lake, nikamsikia anaongea na mtu ndani, nikarudi.

Kwa bahati kulikuwa na lori kwenye gereji, limetoka mpakani Sakania na mlango uliobonyea. Nikaona kwamba lori hilo limeshapigana vita vyake. Nikachukua daftari nikalizunguka, nikiandika kila mahali palipochakaa. Nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya gurudumu wakati dereva aliponiona.

"Weye petit, unaandika nini pale? Uko wa taxe?"

Nikatikisa kichwa.

"Uko wa douane?"

Nikatikisa tena. Sikuwa wa kodi wala wa forodha.

"Basi sema kitu!"

"Ninaangalia uchafu," nikasema.

Akalitazama lori lake, akanitazama mimi. "Nani alikutuma? Muke yangu?"

Lakini aliniacha nimalize. Niliandika hivi: tope nyuma ya magurudumu, likirushwa juu. Rangi imeisha kwenye ukingo wa dirisha la dereva, mahali anapoweka kiwiko. Moshi mweusi chini ya mkia, ambako bomba linatokea. Na nyuma kabisa, kwenye bati, madoa mapana ya viganja, kwa sababu betri ikifa, watu wanashuka na kusukuma.

Vyote nikavihamishia kwenye ndege. Nilitumia unga wa makaa kwa moshi wa mkiani, na nilikuwa na furaha jinsi ulivyofifia polepole kama moshi wa kweli. Kwa ajili ya kiwiko niliusugua ukingo wa kushoto pale anapokaa rubani mdogo wa plastiki. Viganja vilinichukua siku mbili. Nilipima mkono wa huyo rubani, nikakata viganja vidogo vya kiasi hicho katika mpira wa tairi la ndani, nikavipiga kama mihuri nyuma ya mabawa, vinne vinne, halafu nikavifuta nusu ili visionekane kwamba vimechorwa.

Siku ya nane, Jumapili, mzee akaja. Mjomba aliitoa ndege mwenyewe, imefunikwa shuka kama maiti, akaiweka juu ya meza ya gereji. Mzee akavaa miwani. Akaifunua.

Alipitisha kidole kwenye ukingo wa bawa, palipotokeza fedha. "Hii ni yenyewe," akasema. Akaugusa udongo wa tofali. "Hii ni vumbi ya kwetu. Muzuri." Nikaanza kupumua. Halafu akafika mkiani.

"Moshi hii inatoka wapi?"

Nikautazama mkia.

"Motere iko wapi, mutoto?"

Nikaonyesha puani.

"Na moshi iko wapi?"

Nikaonyesha mkiani.

"Jumatano," mjomba akasema, bila kumwambia mtu yeyote.

Mzee akasogea kwa rubani. "Na hapa, rangi ilitoka juu ya nini?"

"Kiwiko," nikasema.

"Anaendesha na kiwiko inje?"

"Kuna joto."

Mzee akageuka akatupa mgongo. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani nimemliza, mtu wa umri ule, siku ya Jumapili. Kumbe anacheka. "Joto! Patron, umesikia? Kule juu hata maji inakuwaka barafu, na huyu anasema joto!" Alicheka mpaka akavua miwani kuipangusa, na mjomba akacheka kidogo pia, kwa heshima, kama mtu anayecheka kwenye msiba wa jirani.

Kisha mzee akavaa miwani tena, akainama juu ya bawa, na kicheko kikamtoka usoni.

"Na hii?"

Mjomba akainama naye. "Papa, musamehe. Mutoto hajapanda ndege. Nitamufutisha leo leo."

"Ngoja, patron. Namuuliza yeye. Hii ni nini?"

Walikuwa wakinisubiri. Nilifikiri juu ya Mitwaba, nikafikiri juu ya kombi nyeupe, na nikasema maneno mengi kuliko niliyowahi kusema mbele ya mgeni.

"Ni mikono. Wanasukuma. Ikikataa kuwaka, au ikikwama kwenye tope. Kila kitu chenye magurudumu siku moja kinasukumwa."

Mzee akaweka mikono yake miwili mikubwa nyuma ya lile bawa dogo, juu ya zile alama, akafanya kama anasukuma.

"Miaka yote nilitembea na ndege kwa viwanja vya porini," akasema. "Bantu banaangalia juu, banasema, ona, inaruka. Hakuna anayejua kama kule chini shiye tulikuwa tunasukuma. Mvua inanyesha, tope mpaka hapa, na shiye bane nyuma ya bawa. Mikono hivi hivi. Nilirudiaka kwa nyumba, muke yangu anauliza, uko makanika ao uko punda?" Akanigeukia. "Nani alikuambia?"

"Lori," nikasema.

Akakubali kwa kichwa, kana kwamba lori hilo anafahamiana nalo.

"Mikono, acha. Kiwiko pia acha, nitaonyesha barafiki. Lakini moshi hapana. Moshi uutoshe kwa mukia, uuweke ku pua."

"Kwa hiyo, Papa," mjomba akauliza, "umeridhika ao haujaridhika?"

"Nusu."

Mjomba akakuna kichwa. Nusu haikuwa katika masharti. "Sasa nimutume nusu?" akasema. "Ashukie Likasi, njiani?"

Akaamua kuutoa moshi yeye mwenyewe, maana kuondoa uchafu ndiyo fani yake. Akafunga mlango, akasugua mkia, akachanganya kijani kile kile cha jivu kwa jicho tu, akakipulizia. Rangi ilifanana kabisa. Lakini mkono wa mjomba haujui kupaka kitu kisichong'aa. Alipomaliza, ndege ilikuwa kuukuu mpaka kiunoni, na kuanzia pale kwenda nyuma ilikuwa mpya, kama mzee aliyevaa suruali ya bwana harusi.

Mzee akatazama, akakohoa.

"Naona, Papa, naona," mjomba akasema. "Nitaichafua kidogo."

Akachukua unga wa tofali kwa vidole, akaunyunyizia mkiani. Kabla haujatulia, mkono wake wa kushoto ukaja na kitambaa ukaufuta. Alikitazama kitambaa kwa mshangao. Akanyunyizia tena, na kitambaa kikaja tena. Mara ya tatu alimpa mzee kitambaa amshikie, na akaufuta unga kwa kiwiko cha shati lake.

Tulisimama pale. Nje mtu alikuwa anauza maji. Mjomba wangu anaweza kulinganisha rangi ya gari lolote mjini bila kutazama kitabu, na siku hiyo mkia wenye urefu wa mkono ulimshinda.

"Weye," akasema hatimaye. "Kuya hapa. Unafanyaka namna gani?"

Nikausogelea mkia. Niliona kinachotakiwa, na niliona pia kwamba kwa brashi hakiwezekani. Kilihitaji ukungu mwembamba sana wa udongo wa tofali, wa kufa polepole kuelekea mbele, bila mstari.

"Mujomba," nikasema, "hii inaomba pistoleti."

Mzee akaanza kuyasoma kwa makini maandishi ya kopo la mastiki, ile ya kuziba mashimo ya bati. Mjomba aliitazama pistoleti, akanitazama mimi, akatazama vidole vyangu.

"Nawa kwanza," akasema.

Nikanawa. Alipangusa mpini kabla ya kunipa, na nilipoushika niligundua kwamba ni mzito kuliko nilivyofikiri kwa miaka minne. Kompresa ikawaka. Nilikaza skrubu mpaka ukungu ukawa mwembamba kama pumzi ya mtu asubuhi ya baridi, nikaanza kutoka mbali.

"Mbali," mjomba akasema nyuma ya sikio langu. "Mbali tena. Usisimame. Mukono itembee. Itembee! Sasa rudi." Halafu akasema kidogo zaidi. Halafu hakusema kitu, nikajua kwamba ama nimeharibu kabisa ama sijaharibu.

Mstari kati ya ndege ya mjomba na ndege yangu ulipotea. Nikaenda puani, ambako kulikuwa na vitundu vitatu vya moshi kila upande, nikapuliza makaa katika vanishi, kurudi nyuma, nyembamba, kama moshi unaovutwa na upepo. Mzee alikuwa ameliweka chini kopo la mastiki.

"Njo vile, hivyo hivyo," akasema. "Patron, sasa iko nzima. Nimeridhika."

Jumatano basi la Mitwaba lilitoka bila mimi. Mjomba alinipa kombi nyeupe, lakini aliniambia nianze na mlango mmoja, ule wa upande wa ukutani, akasema akiuona umekauka ndipo tutaongea juu ya mingine. Sasa nimefika mlango wa tatu. Bado ananikumbusha kunawa, hata nikiwa na rangi nyeupe mpaka viwikoni, na mgeni akiuliza juu ya ndege anasema ni kazi ya gereji yake, lakini ya idara nyingine.

Idara hiyo ni mimi, na ndiyo sababu nimeandika. Mzee aliirusha ndege uwanjani, rafiki zake wakakiona kiwiko na mikono, na mwezi uliopita mmoja wao aliniletea helikopta ya vita, mpya kabisa, inang'aa kama sahani. Akaniambia niizeeshe, akasema mengine najua. Nami nikaitikia kwa kichwa.

Kwa hiyo wewe unayesoma, kama umewahi kupanda helikopta, au kuiosha, au kuishikia ngazi, niandikie, nakuomba. Mistari miwili inatosha. Nitajibu, ingawa polepole. Niambie moshi wake unatokea wapi, vumbi linapanda mpaka wapi inapotua, watu wanakanyaga wapi wakiingia, na kama nayo inasukumwa. Hasa niambie juu ya mlango, kwa sababu ndiko nitakakoanzia: unafunguliwa kwa mkono gani?